Ukali wa Mbwa: Kosaafu au Mwenye Mbwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali yafuatayo ni yale yanayorudiwa na watu wanaofuga mbwa, wanaopakana na wanaofuga, na waliokwisha kuumwa, kuanzia Mikindani na Shangani hadi Newala, Nachingwea na Kilwa. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zenye utata. Pale jibu moja linapogusa jingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Je, ukali wa mbwa hutokana na kosaafu au na mwenye mbwa?

Vyote viwili vinachangia, lakini si kwa kiasi kilekile. Kosaafu, yaani aina ya mbwa kwa uzao wake, humpa mnyama umbo, nguvu na mwelekeo fulani wa tabia. Maisha anayoyapitia, hasa miezi mitatu ya kwanza, pamoja na namna anavyofungwa, anavyolishwa na anavyoelekezwa, ndiyo huamua kwa sehemu kubwa zaidi kama mwelekeo huo utaishia kwenye kumuuma mtu.

Hapa kwetu mjadala wa kosaafu una upungufu ambao hausemwi vya kutosha: mbwa walio wengi hawana kosaafu yoyote. Anayeamini kwamba uzao pekee ndio chanzo hawezi kueleza kwa nini mbwa wawili wa kienyeji waliozaliwa tumbo moja, mmoja akachukuliwa na familia ya Magomeni na mwingine akafungwa nyuma ya ghala, hukua wakiwa wanyama wawili tofauti kabisa. Vilevile, hata pale kosaafu inapochangia kweli, aliyeichagua, akailipia na kuileta mtaani ni mwenye mbwa, kwa hiyo uzao hauwezi kuwa kisingizio chake.

2. Kosaafu ni nini hasa, na mbwa wetu wa kienyeji ni kosaafu gani?

Kosaafu ni kundi la mbwa ambao kwa vizazi vingi wamepandishwa wenyewe kwa wenyewe, chini ya usimamizi wa watu, ili watoto wafanane na wazazi wao kwa umbo na kwa kazi. Nyingi kati ya zinazojulikana leo zilipewa sura zao za sasa Ulaya katika karne ya 19, vilabu vilipoanza kutunza orodha za uzao.

Mbwa wa kienyeji hakutengenezwa kwa njia hiyo. Hujichagulia mwenza mwenyewe, na waliobaki hai ni wale waliostahimili joto, kupe, njaa na binadamu. Kwa hiyo hana kosaafu kwa maana iliyoelezwa hapo juu, na wala hilo si kasoro. Kumwita mbwa koko ilhali ana kwao na ana mtu anayemlisha si kumtendea haki. Wapo pia machotara, ambao huuzwa kwa majina ya kigeni kwa sababu tu masikio yamesimama au mgongo una rangi nyeusi. Ugumu wa kuwatambua machotara kwa macho unaelezwa katika swali la 6.

3. Mbwa anayebweka sana ni mkali? Na ukali wenyewe ni nini?

Kubweka ni taarifa, na mbwa wengi wanaobweka sana hawajawahi kumgusa mtu. Ukali ni mfululizo wa ishara zinazokusudia kumfukuza au kumdhuru mwingine: mwili kukakamaa, macho kukazwa, manyoya ya mgongoni kusimama, kunguruma, kuonyesha meno, kurukia hewa bila kugusa, na mwishoni kuuma. Mbwa mwenye hofu huanza na ishara ambazo watu hawazihesabu, kama vile kugeuza kichwa, kulamba midomo, kupiga miayo, kujikunyata na kuuficha mkia katikati ya miguu. Hizo zisipoheshimiwa ndipo anapopanda hatua.

Chanzo cha ukali hakifanani kwa kila tukio. Mbwa anaweza kuuma kwa hofu, kwa kulinda eneo, chakula au watoto wake, au kwa maumivu. Kuwinda ni jambo jingine. Mbwa anayewakimbiza nyani na nguruwe pori kwenye mashamba ya mihogo hafanyi hivyo kwa hasira, na hodari katika kazi hiyo anaweza kuwa mpole kabisa kwa watoto wa nyumbani. Kwa maoni yetu, kulichanganya jina la kazi na jina la hulka kumewafanya mbwa wengi wema wahukumiwe bure.

## Kuhusu uzao

4. Je, upo ushahidi kwamba ukali hurithiwa?

Upo, na anayesema kwamba mbwa wote huzaliwa sawasawa anakosea. Mwaka 1959, huko Novosibirsk nchini Urusi, mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kuwachagua mbweha wa manyoya ya fedha waliokuwa wapole kidogo kuliko wenzao na kuwapandisha wenyewe kwa wenyewe. Baada ya vizazi vichache walipatikana watoto waliomkimbilia binadamu wakitikisa mkia. Baadaye ukaundwa ukoo mwingine uliochaguliwa kwa ukali, na watoto wa ukoo huo waliendelea kuwa wakali hata walipolelewa na mama wapole. Malezi peke yake hayawezi kueleza matokeo hayo.

Kwa mbwa wenyewe, utafiti wa mwaka 2019 ulilinganisha tabia za mbwa zaidi ya 14,000 wa kosaafu 101 na taarifa za vinasaba vya kosaafu hizo. Ukali kwa wageni ulikuwa miongoni mwa tabia ambazo tofauti kati ya kosaafu na kosaafu ilielezwa kwa kiasi kikubwa na urithi, sawa na wepesi wa kufundishika na tabia ya kukimbiza. Ndiyo sababu mtu anayechukua mtoto wa mbwa anapaswa kumtazama mama yake kwa makini kuliko anavyotazama rangi ya manyoya. Jambo hilo linarudiwa katika swali la 16.

5. Mbona basi utafiti mwingine unasema kosaafu haielezi tabia ya mbwa?

Utafiti unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science nchini Marekani. Wenye mbwa zaidi ya 18,000 walijibu maswali kuhusu tabia za wanyama wao, na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 vikasomwa, wakiwemo machotara wengi. Ilionekana kwamba kosaafu hueleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, na wepesi wa kuchokozeka ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo kosaafu iliyatabiri kwa udhaifu zaidi.

Tafiti hizi mbili hazipingani kama inavyodhaniwa, kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Ule wa 2019 unalinganisha wastani wa kundi na wastani wa kundi. Ule wa 2022 unauliza unaweza kujua nini kuhusu mbwa huyu mmoja aliyesimama mbele yako. Mkulima wa korosho ataelewa upesi. Mche bora uliotoka Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, una uwezo wa kuzaa zaidi kuliko mche wa kubahatisha, na tofauti hiyo huonekana wazi ukihesabu mikorosho elfu moja. Lakini ukisimama chini ya mkorosho mmoja, jina la mche halikuambii utavuna kiasi gani, kwa maana hujui kama ulipuliziwa salfa kwa wakati, kama ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, uliuwahi kwenye maua, na kama palizi ilifanyika. Mbwa naye ni hivyo. Na urithi haumaanishi kosaafu pekee: ndugu wawili wa kosaafu moja wanaweza kurithi mchanganyiko tofauti kutoka kwa wazazi walewale.

6. Kwa nini habari za mbwa walioua watu hutaja pitbuli na Rottweiler zaidi?

Sababu ya kwanza ni nguvu. Mbwa mdogo kama Chihuahua ni mwepesi kuuma, na katika utafiti mmoja wa mwaka 2008 uliolinganisha kosaafu, Chihuahua, Dachshund na Jack Russell walikuwa juu ya wastani kwa ukali kwa binadamu. Hata hivyo jino lao huacha mkwaruzo, ilhali mbwa wa kilo 50 akiuma anaweza kuvunja mfupa. Hapo kosaafu ina uzito usiokanushika: haisemi mbwa gani atauma, lakini inasema mengi kuhusu kitakachotokea akiuma.

Sababu ya pili ni utambuzi. Wataalamu nchini Marekani walichunguza vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa kati ya mwaka 2000 na 2009, wakatumia taarifa za polisi na za uchunguzi wa miili badala ya magazeti peke yake. Kosaafu iliweza kuthibitishwa katika asilimia 17.6 tu ya matukio. Katika mengine, jina lililoandikwa lilikuwa makisio ya aliyetazama.

Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi kilihusu mazingira. Katika asilimia 87.1 ya matukio hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuingilia kati. Katika asilimia 85.2 aliyeshambuliwa hakuwa na mazoea na mbwa yule, au alikuwa na mazoea madogo. Asilimia 84.4 ya matukio yalihusu mbwa wasiohasiwa, na katika asilimia 76.2 mbwa alikuwa amewekwa mbali na watu, hana uhusiano mwema wa kila siku na familia. Mambo haya na mengine yalikutana, manne au zaidi kwa pamoja, katika asilimia 80.5 ya vifo. Msomaji aisome orodha hiyo tena huku akimfikiria mbwa aliyefungwa nyuma ya ukuta, anayefunguliwa usiku tu, na ambaye hakuna anayemjua isipokuwa mlinzi. Mbwa wa namna hiyo tunao mjini Mtwara na Lindi, na wengi wao ni wa kienyeji.

7. Nchi zilizopiga marufuku kosaafu fulani zimefanikiwa?

Uingereza ilitunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 na kuzizuia kosaafu nne: pitbuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mashambulizi mabaya ya mbwa wa aina ya XL Bully yaliilazimu nchi hiyo kuongeza aina ya tano, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa katika England na Wales kummiliki bila cheti cha msamaha. Uholanzi ilikuwa na marufuku ya pitbuli tangu mwaka 1993, ikaiondoa mwaka 2008 baada ya kuona kwamba idadi ya watu wanaoumwa haikupungua.

Somo tunalolipata hapo ni dogo lakini ni la maana: mwenye kutaka mbwa wa kutisha, akizuiwa aina moja, huhamia nyingine.

## Kuhusu malezi

8. Wiki zipi za maisha ya mbwa ni muhimu zaidi?

Ni kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12, au ya 14 kwa baadhi yao. Katika kipindi hicho ubongo wa mtoto wa mbwa huandika orodha ya vitu vya kawaida duniani: watoto wanaokimbia, wazee wenye mikongojo, wanawake waliovaa baibui, bodaboda, mbuzi, ngoma. Asivyovikuta wakati huo, atavikuta baadaye kama vitu vya kutisha, na hofu ndiyo chanzo cha ukali kinachoonekana mara nyingi zaidi.

Mtoto wa mbwa aliyezaliwa uani kijijini, katikati ya kuku, watoto na wapita njia, kwa bahati hupata mafunzo hayo bila mtu kuyapanga. Anayeletwa kwa gari kutoka Dar es Salaam akiwa mwenye kosaafu ya gharama, akaingizwa kwenye banda ndani ya ukuta mrefu ili “asizoeane na watu”, hunyimwa mafunzo hayo kwa makusudi. Mwenye mbwa anadhani anajenga mlinzi, kumbe anajenga mnyama asiyejua kumtenganisha mwizi na mjumbe aliyekuja kupiga hodi.

9. Sisi ni Waislamu na hatumgusi mbwa. Tunawezaje kumlea vizuri?

Swali hili ni la msingi katika pwani yetu na linastahili jibu la heshima. Katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wakati huohuo mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa. Aya ya 4 ya Sura Al-Maida inawataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na aya ya 18 ya Sura Al-Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu inajulikana na kila aliyepita madrasa. Kwa hukumu za kina za twahara, muulize shekhe wako.

Kwa upande wa malezi, kinachohitajika si kumbeba wala kulambwa. Mtoto wa mbwa huzoea watu kwa sauti, kwa kuwaona karibu kila siku, kwa kuitwa jina na kupewa chakula akija, na kwa kutotupiwa mawe. Chakula kinaweza kuwekwa kwenye chombo chake maalumu au kutupwa chini mbele yake, na banda likajengwa mbali na mahali pa kuswalia. Tatizo huanzia pale umbali wa kidini unapogeuzwa kuwa umbali wa fimbo. Watoto wa nyumba hufundishwa kwamba mbwa ni wa kupigwa, na mbwa hujifunza kwamba watoto ni adui.

10. Je, mnyororo humfanya mbwa kuwa mkali?

Mnyororo wa kudumu, ndiyo, kwa mbwa walio wengi. Mbwa mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kupigana, na mnyororo huiondoa njia ya kwanza. Kila mpita njia anayetokea na kuondoka humthibitishia kwamba kubweka na kuvuta kumefanya kazi. Watoto wakitoka shule huongeza mawe. Siku pete inapokatika, anayetoka pale si mbwa yuleyule aliyefungwa mwaka uliopita.

Kufunga kwa saa chache, kwenye kivuli, penye maji, kwa kamba ndefu inayoteleza juu ya waya uliovutwa baina ya miti miwili, hakuna madhara hayo. Uzio mzuri ni bora zaidi, hata wa mianzi iliyosukwa.

11. Nikimpa pilipili, nyigu au bangi atakuwa mlinzi hodari?

Hapana. Pilipili humuumiza tumbo na pua, nyigu wanaweza kumvimbisha koo hadi kumuua, na bangi ni sumu kwake: humlegeza, humyumbisha na kumtia hofu. Mbwa mwenye maumivu au aliyelewa huuma ovyo, na wa kwanza kuumwa ni anayempelekea chakula. Kumtesa mnyama kwa namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

12. Je, kumpiga hakumfundishi adabu?

Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2009 uliwauliza wenye mbwa waliofika kliniki ya tabia ni mbinu gani walizotumia na mbwa alijibuje. Mbinu za kupambana, kama vile kumpiga, kumpiga teke na kumlaza chini kwa nguvu, ziliamsha ukali kwa mbwa wengi waliotendewa hivyo. Kuna madhara mengine yanayojificha: mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na hofu yake hubaki palepale. Matokeo yake ni mbwa anayeuma bila onyo, ambaye baadaye husemwa kwamba “ameuma ghafla tu”.

Kinachofanya kazi ni kumlipa kwa unachokitaka, kwa kipande cha ugali au kichwa cha dagaa papo hapo, na kumwondolea nafasi ya kufanya usichokitaka.

13. Je, kuhasi hupunguza ukali?

Hupunguza kuzurura, kugombania majike na kupigana kwa madume, na huzuia watoto wasiotakiwa. Kwa ukali unaotokana na hofu, usitegemee kisu. Rudi swali la 8 na la 10. Daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata ndiye wa kushauriana naye kuhusu umri unaofaa.

## Hali zenye utata

14. Mbwa wangu alikuwa mpole miaka yote, sasa amegeuka. Kosaafu imejitokeza?

Mabadiliko ya ghafla kwa mbwa mzima yachukuliwe kuwa ugonjwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Jino bovu, kidonda sikioni, kiuno chenye maumivu, kupofuka kwa uzee, vyote hubadili hulka. Jike lenye watoto wachanga nalo huuma lisipotarajiwa, kisha hurudi hali yake watoto wakikua.

La kuogopwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Dalili zake ni pamoja na kuuma vitu visivyo na maana kama vijiti na mawe, kutokwa na mate, kubadilika sauti, kushindwa kumeza, kutembea bila mwelekeo na kupooza. Wengine hawapitii ukali kabisa, hulegea tu. Hapo hakuna uzao wala malezi, ni virusi vinavyoshambulia ubongo. Mikoa yetu imepitia juhudi kubwa: kuanzia mwaka 2010 Mtwara na Lindi zilikuwa miongoni mwa maeneo ya kusini mashariki yaliyofanyiwa mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa, kwa chanjo za mbwa zilizorudiwa mwaka hadi mwaka. Hatari bado ipo, kwa sababu mbwa wapya huzaliwa kila siku na kinga ya jamii huhitaji takribani asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Uchunguzi wa Lindi na Mtwara umeonyesha pia kwamba wanyamapori, hasa bweha, walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliobainika kuugua, ingawa mbwa ndio wanaoendelea kuushikilia ugonjwa. Anayeishi kando ya pori asimfukuze bweha aliyeingia uani mchana bila woga; amwite mtaalamu.

15. Mtoto ameumwa na mbwa wa jirani. Tufanye nini, na nani wa kulaumiwa?

Kwanza jeraha, lawama baadaye. Lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kuanzishiwa chanjo. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya kienyeji, na usisubiri dalili, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza mgonjwa karibu haponi kamwe. Mbwa asiuawe kwa hasira. Akifungwa salama na kuangaliwa kwa siku 10 akabaki mzima, hiyo ni taarifa muhimu kwa daktari. Sindano ziendelee kwa ratiba aliyoitoa daktari hadi yeye mwenyewe aseme vinginevyo.

Kuhusu lawama, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye chini yake. Haiulizi kosaafu. Maandishi ya “Mbwa mkali” getini hayamwondolei mtu wajibu huo, na kwa kweli yanaonyesha kwamba alijua. Tukio lifikishwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, afisa mifugo na polisi.

Iulizwe pia, bila kumlaumu mtoto, mbwa alikuwa katika hali gani. Watoto wengi huumwa wakimkaribia mbwa anayekula, aliyelala, au jike mwenye watoto, na hakuna aliyewahi kuwaeleza hatari hiyo.

16. Nataka mbwa wa kulinda nyumba au korosho. Nichague kosaafu gani?

Kwa nyumba nyingi za huku, mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri anatosha. Kazi ya mlinzi ni kuamsha watu, naye anaifanya kwa sauti. Hahitaji chakula kingi, na joto la pwani halimsumbui. Jamani Shepadi, Rottweiler au Boerboel ni mbwa wenye akili na nguvu, lakini wanahitaji mazoezi, kulishwa vizuri na mtu mwenye muda. Asiye na muda huo asiwachukue.

Yeyote utakayemchagua, nenda ukamwone mama yake. Kama mama anaogopa watu au anauma, ondoka, hata kama watoto ni wazuri kiasi gani. Mchukue mtoto mwenye wiki zisizopungua 8, anayekufuata au anayekutazama kwa udadisi, umwache anayejibanza kona na anayekuvamia kwa meno. Mpeleke kuchanjwa mapema. Kampeni za chanjo hupokea hata watoto wa mbwa.

Kwa msimu wa korosho kuna tahadhari ya pekee. Mbwa anayekaa peke yake na mlinzi mmoja shambani kuanzia Oktoba hadi Desemba, akifunguliwa usiku tu, hurudi kijijini akiwa amesahau watu. Asiachiwe mara moja katikati ya watoto. Apewe siku kadhaa za kuzoea tena akiwa kwenye kamba, kama alivyozoeshwa alipokuwa mdogo.

17. Wakati wa ngoma za unyago na jando mbwa wetu huwa mkali. Kwa nini?

Kelele za usiku kucha, wageni wengi, mifupa iliyotapakaa na watoto wasio wa nyumba hiyo huja kwa pamoja. Mbwa anayevumilia kimoja kati ya hivyo huzidiwa vinapokutana. Mpeleke kwa ndugu mwenye nyumba tulivu kabla ngoma haijaanza, au mfungie mahali penye giza na maji. Ni kazi ya nusu saa.

18. Makundi ya mbwa wanaozurura usiku sokoni ni tofauti na mbwa wa nyumbani?

Wengi wao wana kwao. Wanafunguliwa ili wakajitafutie. Mbwa wakiwa kundi hufanya wasichothubutu mmoja mmoja, hasa wanapomfuata jike aliye kwenye joto. Ukikutana nao usikimbie: simama, usiwakazie macho, ongea kwa sauti ya chini na rudi nyuma polepole. Kuwaua kwa sumu hakupunguzi kichaa cha mbwa, kwani huondoa pia waliochanjwa na nafasi zao hujazwa na wasiochanjwa, na nyama yenye sumu inaweza kuokotwa na mtoto. Kinachopunguza makundi ni kudhibiti vichwa vya samaki na mabaki ya machinjio, kuchanja, kuhasi, na kila mtu kumlisha mbwa wake nyumbani.

19. Mbwa aliyekwisha kumuuma mtu anaweza kubadilika?

Inategemea aliuma kwa sababu gani, kwa nguvu kiasi gani, na kama mwenyewe yuko tayari kubadili maisha ya mbwa huyo. Aliyeuma mara moja kwa sababu mtoto alimkanyaga akiwa amelala hahesabiwi sawa na aliyemfuata mtu barabarani na kumuuma mara nyingi. Wa kwanza anahitaji mahali pa kulala pasipopitwa na watu. Wa pili ni hatari, na akiwa mkubwa wa mwili hatari huongezeka kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 6.

Kumgawa kwa mtu mwingine bila kumweleza historia yake ni kumhamishia mtoto wa mwenzako jeraha. Kama hapawezekani kuwa na uzio, hapana mtu wa kumsimamia na watoto wanapita hapo kila siku, daktari wa mifugo amlaze kwa dawa bila mateso, na mwenye mbwa akae naye hadi mwisho, kwa kuwa ndiye mtu pekee mbwa huyo anayemjua.